Jiwe la Lugha Tatu: Maneno, Mamlaka na Anguko la Gaius Cornelius Gallus, Liwali wa Kwanza wa Kirumi nchini Misri

Ikisiri

Makala hii inachunguza miaka ya mwisho ya Gaius Cornelius Gallus, jemadari na mshairi wa Kirumi aliyeshiriki kuiteka Misri mwaka 30 KK, akawa liwali wake wa kwanza, kisha akajiua miaka michache baadaye baada ya kukataliwa na Augustus. Waandishi wa kale wanatofautiana kuhusu kosa lililomwangusha. Makala inasoma ushahidi ambao Gallus mwenyewe aliuacha, yaani maandishi ya lugha tatu ya Philae ya mwaka 29 KK, na kuulinganisha na masimulizi ya waandishi waliokuja baada yake. Hoja kuu ni kwamba mashtaka ya awali dhidi ya Gallus yalihusu matumizi ya maneno hadharani, na kwamba jiwe la Philae linaonyesha tatizo hilo katika sarufi yake. Aidha, makala inaonyesha kwamba matini za Kilatini na Kigiriki za jiwe hilo zinaeleza uhusiano wa Roma na ufalme wa Kushi kwa namna mbili zisizolingana, jambo lenye uzito kwa yeyote anayeandaa hati rasmi katika lugha zaidi ya moja.

Istilahi muhimu: Cornelius Gallus, Philae, maandishi ya lugha tatu, tafsiri rasmi, vitendo uneni, Kushi

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Agosti mwaka 30 KK, Octavianus, ambaye baadaye aliitwa Augustus, aliingia Aleksandria na kuumaliza utawala wa Waptolemi uliodumu kwa takribani karne tatu. Alimwacha Gallus kuitawala nchi hiyo mpya. Miaka minne hivi baadaye Gallus alikuwa amekufa kwa mkono wake mwenyewe huko Roma, na Baraza la Seneti lilikuwa limepitisha azimio la kumfilisi.

Historia za kijumla humtaja kwa sentensi moja au mbili: alipewa madaraka, akalewa sifa, akaanguka. Maelezo hayo yanatoka hasa kwa Cassius Dio, mwanahistoria aliyeandika zaidi ya karne mbili baada ya tukio. Hata hivyo, Gallus ana bahati ambayo majemadari wengi walioangushwa hawakuipata. Maneno yake rasmi yamesalia juu ya jiwe alilolisimamisha akiwa kileleni mwa madaraka. Kwa hiyo tunaweza kulinganisha alichodaiwa kusema na alichosema.

Makala inaanza kwa kueleza jinsi Gallus alivyofikia uliwali, inachambua jiwe la Philae, inafuatilia anguko lake na jinsi lilivyosimuliwa, kisha inataja maandishi yake yaliyosalia na funzo linalopatikana.

2.0 Kutoka Uwanja wa Vita hadi Uliwali

Gallus alizaliwa karibu na mwaka 70 KK. Alikuwa wa tabaka la equites, yaani wapanda farasi, ambalo lilikuwa chini ya lile la maseneta kwa heshima. Kabla ya kujulikana kama askari alijulikana kama mshairi. Alitunga vitabu vinne vya mashairi ya mapenzi kwa mwanamke aliyempa jina la Lycoris, na rafiki yake Vergilius alimtukuza katika tungo mbili za Eclogae, ya 6 na ya 10.

Katika vita dhidi ya Marcus Antonius na Cleopatra, Gallus aliongoza jeshi lililoivamia Misri kutoka magharibi na kuuteka mji wa Paraetonium, ambao leo ni Marsa Matruh. Dio anasimulia kwamba Antonius alikwenda huko akitumaini kuwashawishi askari, kwa kuwa baadhi yao waliwahi kuwa chini yake. Alipokaribia ukuta na kuanza kuwahutubia, Gallus aliwaamuru wapiga tarumbeta wote wapulize kwa pamoja, na hakuna askari aliyesikia neno. Baadaye, kwa mujibu wa Plutarchus, Cleopatra alipojifungia ndani ya kaburi lake, Gallus alisimama mlangoni akimzungumzisha kwa makusudi huku mwenzake Proculeius akipanda ngazi na kuingia kwa dirisha la juu. Katika tukio la kwanza alizuia maneno yasisikike; katika la pili aliyatumia kama chambo. Mtu huyu aliijua nguvu ya lugha vitani.

Cheo alichopewa baada ya ushindi, cha praefectus, makala hii inakiita uliwali. Misri ilikuwa na nafaka nyingi iliyoweza kuilisha Roma au kuitia njaa. Kwa sababu hiyo Augustus hakumruhusu seneta yeyote kuingia huko bila idhini yake, na alichagua kuitawala kupitia mtu wa tabaka la chini kidogo. Liwali wa Misri, basi, alikuwa na majeshi, hazina na mahakama, lakini msingi wa vyote ulikuwa imani ya mtu mmoja. Imani hiyo ikiondoka, hakuwa na ukoo wa kiseneta wa kumkinga.

Gallus alianza kwa mafanikio. Strabo, aliyeizuru Misri miaka michache baadaye, anaandika kwamba aliuteka mji ulioasi wa Heroonpolis kwa askari wachache, na kwamba alizima kwa muda mfupi uasi wa Thebais, eneo la Misri ya Juu, uliosababishwa na kodi. Ni ushindi huo wa pili uliozaa jiwe la Philae.

3.0 Jiwe la Philae

Philae kilikuwa kisiwa chenye hekalu la mungu mke Isis, karibu na maporomoko ya kwanza ya Mto Nile, mpakani mwa Misri na Nubia. Jiwe la Gallus ni la matale mekundu na maandishi yake ni ya Aprili mwaka 29 KK. Juu limechongwa mpanda farasi akimshambulia adui aliyeanguka. Chini ya picha kuna matini ya hieroglifu, kisha Kilatini, kisha Kigiriki. Liligunduliwa mwaka 1896 na sasa limo katika Jumba la Makumbusho la Cairo.

Kwa muhtasari, matini ya Kilatini inasema kwamba Gallus, liwali wa kwanza wa Aleksandria na Misri, aliwashinda waasi wa Thebais mara mbili vitani ndani ya siku 15. Aliteka miji mitano. Aliwakamata viongozi wa uasi. Alivusha jeshi maporomoko ya Nile hadi mahali ambapo silaha za Warumi wala za wafalme wa Misri hazijawahi kufika. Aliwapokea wajumbe wa mfalme wa Waethiopia huko Philae. Na alimweka mtawala mdogo juu ya eneo la Triakontaschoinos. Ikumbukwe kwamba Waethiopia wa waandishi wa kale ni watu wa Kushi, ufalme uliokuwa na makao yake Meroe katika Sudan ya leo. Dai kwamba hakuna jeshi lililowahi kuvuka maporomoko hayo si la kweli, kwani mafarao walipigana mbali zaidi kusini zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, na Ptolemaios wa Pili alifanya hivyo katika karne ya 3 KK. Hata hivyo, kutia chumvi lilikuwa jambo la kawaida katika maandishi ya ushindi. Kinachohitaji kuangaliwa zaidi ni jinsi sentensi zilivyojengwa.

3.1 Nafasi ya Kaisari katika sentensi

Matini yote ya Kilatini ni sentensi moja ndefu. Kiima chake ni Gallus, na jina lake ndilo linaloifungua. Kaisari anatajwa mara moja tu, ndani ya kirai cha wakati kinachosema kwamba Gallus alikuwa liwali wa kwanza baada ya wafalme kushindwa na Kaisari. Ushindi juu ya wafalme ni wa Kaisari, lakini umewekwa nyuma kama jambo lililokwisha. Kila tendo linalofuata linamrudia Gallus: yeye ndiye mshindi, yeye ndiye mtekaji wa miji. Hakuna kirai kinachosema kwamba alitenda kwa amri ya mkuu wake.

Matini ya Kigiriki inatofautiana kidogo, lakini tofauti hiyo ina maana. Huko Gallus anaelezwa kuwa wa kwanza kuwekwa na Kaisari juu ya Misri baada ya wafalme kuondolewa. Kaisari amehama kutoka nafasi ya mshindi wa zamani hadi nafasi ya anayeteua. Msomaji wa Kigiriki aliambiwa waziwazi madaraka ya liwali yalitoka kwa nani; msomaji wa Kilatini aliachwa akisie.

Ulinganisho na andiko jingine la Gallus unaliweka jambo hili wazi zaidi. Obeliski iliyopo leo katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatican, iliwahi kubeba maandishi ya herufi za shaba. Herufi zenyewe ziling'olewa zamani, lakini katika miaka ya 1960 mtaalamu wa mambo ya kale Filippo Magi aliyasoma kwa kufuata matundu ya misumari iliyozishikilia. Yalisema kwamba Gallus, akiwa bado ofisa wa chini ya Kaisari, alijenga uwanja wa mji huko Misri, na yalianza na maneno yenye maana ya ‘kwa amri ya’ Kaisari. Gallus, basi, aliijua kanuni hiyo na aliwahi kuifuata. Kutokuwapo kwake katika Kilatini cha Philae hakuwezi kuelezwa kwa kutojua.

3.2 Nani alimpokea nani?

Tofauti kubwa zaidi inahusu mfalme wa Kushi. Kilatini kinasema kwamba wajumbe walisikilizwa na kwamba mfalme alipokewa katika tutela, yaani chini ya ulinzi. Neno hilo ni la sheria ya Kirumi, lenye kumaanisha uangalizi wa mlezi juu ya mtu asiyeweza kujisimamia. Kigiriki kinasema kwamba Gallus aliwakaribisha wajumbe na akapata proxenia kutoka kwa mfalme. Katika desturi ya Wagiriki, proxenia ilikuwa heshima ambayo dola huru humpa mgeni na kumfanya mwenyeji na rafiki yake rasmi.

Tukiziweka kauli hizo mbili bega kwa bega, tunaona kwamba mtendaji na mtendwa wamebadilishana nafasi. Katika Kilatini, Roma inatoa na mfalme anapokea. Katika Kigiriki, mfalme anatoa na Gallus anapokea. Katika kauli ya kwanza Kushi ni nchi iliyowekwa chini ya mlezi. Katika ya pili ni dola inayochagua marafiki zake. Kigiriki kilikuwa lugha ya mawasiliano katika eneo lile, na kuna uwezekano mkubwa kwamba mazungumzo ya Philae yaliendeshwa kwa lugha hiyo. Ikiwa ndivyo, walichokubali wajumbe kilifanana zaidi na proxenia, na tutela ikaandikwa kwa ajili ya macho ya Roma.

Miaka minne hivi baadaye, wakati liwali mwingine, Aelius Gallus, alipokuwa amepeleka majeshi Uarabuni, Wakushi walishambulia Syene, Elephantine na Philae, wakazichukua sanamu za Augustus. Kichwa cha shaba cha mojawapo ya sanamu zake kilifukuliwa Meroe mwaka 1910. Haifai kudai kwamba neno moja juu ya jiwe ndilo lililozaa vita hivyo. Lakini Strabo anasimulia mabishano yaliyofuata. Wajumbe wa Kushi walisema wamedhulumiwa na wakuu wa wilaya. Liwali Petronius akajibu kwamba wakuu hao si watawala wa nchi, mtawala ni Kaisari. Baadaye, walipoambiwa wapeleke maombi yao kwa Kaisari, walisema hawamjui Kaisari ni nani wala aliko. Hayo si maneno ya watu wanaojiona kuwa chini ya ulezi wa Roma. Mwishowe Augustus alikutana na wajumbe wao katika kisiwa cha Samos na kuwaondolea kodi waliyokuwa wametozwa.

3.3 Matini ya hieroglifu

Matini ya tatu si tafsiri ya zile mbili. Iliandikwa kwa mtindo wa makuhani wa Misri na inasema yaliyopaswa kusemwa hekaluni: miungu ya mahali, sadaka, na utawala ulioenea juu ya nchi za kigeni. Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu waliamini kwamba jina la Gallus limeandikwa ndani ya ile fremu ya mviringo ambayo Wamisri waliwatengea wafalme, na wakaona humo ushahidi wa kiburi chake. Toleo la mwaka 2009 la Hoffmann, Minas-Nerpel na Pfeiffer limelirekebisha wazo hilo: jina lililomo ni la Octavianus. Makuhani hawakumfanya Gallus kuwa farao. Kama kuna kujikweza juu ya jiwe hili, kumo katika Kilatini, lugha ambayo wakubwa wa Roma waliisoma bila mkalimani.

4.0 Anguko

Mwezi Januari mwaka 27 KK Octavianus alipokea jina la Augustus. Katika miaka hiyo suala la nani anaweza kujitangazia sifa za vita lilikuwa nyeti. Jemadari Marcus Licinius Crassus, aliyemuua kwa mkono wake mfalme wa Wabastarnae, alinyimwa heshima ya kale iliyotolewa kwa tendo hilo. Gallus alirudi Roma katika mazingira hayo.

Dio anasema kwamba Gallus alimsema vibaya Augustus, alisimamisha sanamu zake mwenyewe karibu kila mahali Misri, na aliandika matendo yake hata juu ya piramidi. Aliyemshtaki alikuwa Valerius Largus, mwenzake na rafiki yake wa karibu. Suetonius anaongeza kwamba Augustus alimpiga marufuku nyumbani kwake na katika majimbo yake kwa sababu ya moyo usio na shukrani na wenye nia mbaya.

Hatua hiyo ya Augustus inastahili kutazamwa kama kitendo uneni. Kuukana urafiki hadharani kulikuwa tamko lenye kanuni zake katika maisha ya Warumi. Halikuwa hukumu ya mahakama wala halikubeba adhabu ya kisheria. Hata hivyo, lilipotamkwa na mtu mwenye uwezo wa Augustus, lilimwondolea Gallus kinga yote kwa mara moja. Washtaki wengine walijitokeza. Seneti iliazimia kwa kauli moja kwamba ahukumiwe, afukuzwe nchini, na mali yake apewe Augustus. Gallus hakusubiri, alijiua akiwa na umri wa miaka 43 hivi, mwaka 26 KK kwa hesabu ya Dio, au 27 KK kwa hesabu ya Hieronymus. Suetonius anaeleza kwamba Augustus aliwasifu waliomtetea kwa bidii namna hiyo, lakini alilia, akilalamika kwamba ni yeye peke yake asiyeweza kuwakasirikia marafiki zake kwa kiasi anachotaka.

Wenye akili Roma walielewa kilichotokea. Dio anasimulia kwamba Proculeius, yule yule aliyepanda dirisha la Cleopatra, alipokutana na Largus aliziba pua na mdomo wake kwa mkono, kuonyesha kwamba mbele ya mtu huyo hata kupumua ni hatari. Mwingine alimwendea Largus akiwa na mashahidi, akamuuliza kama anamfahamu. Largus alipojibu kwamba hamfahamu, mtu yule akaliandika jibu hilo, ili Largus asije akamshtaki baadaye. Katika mji huo maneno yalikuwa yamegeuka ushahidi.

5.0 Kosa Linalokua

Tukiwapanga waandishi wa kale kwa mfuatano wa wakati, mchoro fulani unajitokeza. Ovidius, aliyekuwa kijana Gallus alipokufa, anadokeza kwamba kilichomharibia ni ulimi usiozuiliwa penye mvinyo. Suetonius, katika karne ya 2 BK, anataja moyo mbaya na kukosa shukrani. Dio, katika karne ya 3, anaongeza sanamu na piramidi. Ammianus Marcellinus, katika karne ya 4, anazungumzia wizi: Gallus aliupora mji wa Thebes na kujiua kwa kuogopa hasira ya wakubwa. Servius, mfafanuzi wa Vergilius, anakwenda mbali zaidi na kutaja njama dhidi ya Augustus.

Kadiri miaka inavyopita, kosa linakuwa zito na la kushikika zaidi: kutoka maneno hadi sanamu, kutoka sanamu hadi wizi, kutoka wizi hadi uhaini. Inawezekana kila mwandishi alikuwa na sehemu ya ukweli. Hata hivyo, mfuatano huo unaashiria pia kwamba waliokuja baadaye waliona ugumu kuamini kwamba mtu mkubwa kiasi hicho aliangamia kwa sababu ya kusema tu, wakatafuta kosa linalolingana na adhabu. Ushahidi wa karibu zaidi, yaani Ovidius na jiwe lenyewe, unatuelekeza kwenye maneno.

6.0 Yaliyosalia

Jiwe la Philae halikufutwa jina la Gallus. Lilikatwa na kutumiwa tena kama jiwe la kawaida la ujenzi mbele ya hekalu la Augustus lililojengwa kisiwani humo muda mfupi baadaye. Kwenye obeliski, herufi za shaba ziliondolewa na mahali pake pakachongwa wakfu kwa Augustus na Tiberius.

Mashairi yake yalipotea katika Enzi za Kati, ukabaki mstari mmoja tu. Kisha mwaka 1978 wachimbuzi wa mambo ya kale huko Qasr Ibrim, ngome iliyokuwa na askari wa Kirumi katika Nubia ya Misri, walipata kipande cha mafunjo chenye mistari kadhaa na jina la Lycoris. Kilichapishwa mwaka uliofuata, na wataalamu wengi wanakikubali kuwa cha Gallus. Ngome hiyo imo katika eneo lile lile alilodai kuliwekea mtawala. Inaelekea askari mmoja wa Kirumi alibeba kitabu cha mtu aliyeangushwa hadi mpakani.

Urithi wa tatu ni wa darasani. Mwalimu wa lugha Quintus Caecilius Epirota, alipofukuzwa katika nyumba ya Agrippa kwa tuhuma za uhusiano na mke wake, alipokewa na Gallus. Suetonius anasema hilo lilikuwa mojawapo ya mashtaka mazito ya Augustus. Baada ya kifo cha mfadhili wake Epirota alifungua shule, na inasemekana alikuwa wa kwanza kufundisha tungo za Vergilius na washairi wengine wapya. Hatua hiyo iliyaingiza mashairi ya Kilatini ya wakati ule katika mtaala.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba miaka ya mwisho ya Gallus inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kama mgogoro kuhusu nani ana haki ya kuwa kiima cha sentensi rasmi. Gallus aliijua kanuni ya ‘kwa amri ya’, aliifuata mara moja, kisha akaiacha katika lugha ambayo wakubwa wake waliisoma.

Kwa washauri wa sera funzo lina pande mbili. Kwanza, tofauti kati ya matini za hati moja si lazima iwe kosa la mfasiri. Huenda ni siasa iliyofichwa katika uteuzi wa kitenzi. Bara letu linao mfano wa karibu zaidi. Katika Mkataba wa Wuchale wa mwaka 1889, matini ya Kiamhari ilisema mfalme wa Ethiopia anaweza kuitumia Italia katika mawasiliano na mataifa mengine, ilhali ile ya Kiitalia ilimfunga kufanya hivyo, na mgogoro huo uliishia Adwa mwaka 1896. Pili, uhakiki wa hati za lugha nyingi usiishie kwenye ulinganifu wa istilahi. Istilahi zaweza kulingana zote na bado mtoaji akawa mpokeaji. Katika kanda ambayo hati moja huhitajika kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, kila kifungu kinachogawa wajibu kinapaswa kusomwa katika kila lugha kwa swali moja: katika sentensi hii, nani anatenda, na nani anatendwa? Hapo Philae hatuna dalili kwamba swali hilo liliulizwa.